Shahidi Asiye na Jina: Wahusika Wasaidizi na Kina cha Hisia katika Tamthilia ya Upelelezi, kwa Kurejelea Nchi ya Chai ya Kericho na Bomet

1.0 Utangulizi

Utanzu wa upelelezi haujapata heshima kubwa miongoni mwa wahakiki wa Kiswahili. Mara nyingi umewekwa katika fungu la fasihi pendwa, ukasifiwa kwa taharuki yake na kulaumiwa kwa wepesi wa wahusika wake. Lawama hiyo imehamishiwa pia kwenye tamthilia za televisheni zinazofuata hatua za polisi tangu maiti inapookotwa hadi mshtakiwa anapofikishwa mahakamani. Husemwa kwamba humo mtu hana nafsi: yupo ili aulizwe swali, atoe jibu, kisha aondoke.

Makala haya yanakusudia kuichunguza lawama hiyo kwa kufuata historia. Swali letu ni hili: katika masimulizi ya upelelezi, nani hupewa kina cha hisia, na nani hunyimwa? Tutaanza na maendeleo ya umbo lenyewe, tupitie riwaya ya Kiswahili na runinga ya Kenya, kisha tufike katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet. Huko, mwaka 2023, uchunguzi wa televisheni uliwaweka mbele ya kamera wafanyakazi ambao tamthilia za upelelezi zingewapa nafasi ya wahusika wasaidizi tu. Hoja yetu ni kwamba ubapa wa mhusika msaidizi si kasoro ya ufundi peke yake. Una historia yake, na historia hiyo inahusu ni nani katika jamii anayehesabiwa kuwa mtu na ni nani anayehesabiwa kuwa ushahidi.

2.0 Umbo na Maendeleo Yake

Tzvetan Todorov, katika makala yake ya mwaka 1966 kuhusu aina za riwaya ya upelelezi, alionyesha kwamba utanzu huu una hadithi mbili: hadithi ya uhalifu, ambayo imekwisha kabla kitabu hakijaanza, na hadithi ya uchunguzi, ambayo ndiyo tunayoisoma. Ugawaji huu unatufaa kwa sababu unaeleza hali ya mhusika msaidizi. Yeye aliishi katika hadithi ya kwanza. Alimpenda aliyeuawa, au alimwogopa, au alimdai. Lakini tunakutana naye katika hadithi ya pili, ambamo maisha hayo yote yanadaiwa yageuke kuwa dokezo. Anaingia na dunia nzima mabegani, naye anaombwa atoe saa na mahali tu.

E. M. Forster alikuwa ametupa, mwaka 1927, istilahi za wahusika bapa na wahusika duara, ambazo zimekita mizizi katika uhakiki wetu. Yafaa ikumbukwe kwamba Forster hakuudharau ubapa; aliona kuwa riwaya inawahitaji wahusika wa aina zote mbili. Tatizo linazuka pale ubapa unapogawiwa kwa kufuata tabaka, kabila au jinsia, hata msomaji akajua kabla ya kufungua ukurasa kwamba mpishi, kibarua na mjakazi watakuwa bapa, na mpelelezi atakuwa duara.

Katika televisheni, mfano wa mwanzo uliojenga mazoea ya utanzu huu ni Dragnet ya Marekani, iliyoanza redioni mwaka 1949 na kuingia katika televisheni mwaka 1951. Tamthilia hiyo ilitumia kesi zilizotokana na majalada ya polisi wa Los Angeles, na fahari yake ilikuwa ukavu wake: polisi haoni huruma wala hasira, hukusanya habari. Miaka thelathini baadaye, Hill Street Blues (1981) iliuvunja ukavu huo kwa kuwa na wahusika wengi ambao maisha yao yaliendelea kutoka kipindi hadi kipindi. Mwaka 1991 Prime Suspect ya Uingereza ilimweka mwanamke kuwa kiongozi wa wapelelezi, na uchungu wake kazini ukawa sehemu ya kesi yenyewe.

Hata hivyo, tukiyatazama mabadiliko hayo kwa makini tunaona kwamba hisia ziliongezwa zaidi upande mmoja. Aliyepewa kina ni polisi. Talaka yake, ulevi wake na usingizi wake uliokatika ndivyo vilivyojaza nafasi iliyokuwa tupu katika Dragnet. Shahidi wa mlango wa pili, anayefungua, kujibu na kufunga, alibaki mlangoni pake.

3.0 Njia ya Kiswahili: Kina Kitokanacho na Ujamaa

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilianza kwa njia tofauti kidogo. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau kwa Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960. Baada yake zilifuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na nyinginezo. Kwamba Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafikiye Najum, wana deni kwa Sherlock Holmes na Watson wa Conan Doyle ni jambo lililokwisha kusemwa sana. Lililosemwa kidogo ni kwamba mafumbo ya Abdulla mara nyingi ni mafumbo ya nasaba. Kinachofichuliwa mwishoni si mkono uliotenda tu, bali pia nani ni mtoto wa nani, nani aliolewa na nani, na urithi ulipotea katika mlango gani.

Jambo hili lina athari kubwa kwa wahusika wasaidizi. Katika fumbo la alama za vidole, jirani ni chombo. Katika fumbo la nasaba, jirani ni mkunga aliyekuwapo mtoto alipozaliwa, au ni somo wa bi harusi, au ni mtumwa wa zamani anayejua yaliyozikwa. Hawezi kuulizwa swali bila historia yake kuguswa. Abdulla hamchambui mtu kwa saikolojia ya ndani kama ifanyavyo riwaya ya Ulaya. Humpa uzito kwa kumfunga na watu wengine. Huo pia ni kina. Ni kina kinachopimwa kwa wingi wa nyuzi zinazomshika mtu, si kwa urefu wa mawazo yake ya faragha.

Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo (1965), aliupeleka utanzu huu mjini Dar es Salaam na kumkabidhi uchunguzi Inspekta Wingo, mtu wa serikali. Hapo tunaona hatua nyingine ya kihistoria. Mpelelezi wa mtaani, anayejulikana na kila mtu, anampisha ofisa mwenye jalada. Kasi inaongezeka, na pamoja na kasi hiyo nyuzi za ujamaa zinapungua.

4.0 Runinga ya Kenya: Kizimba na Lafudhi

Televisheni ilianza nchini Kenya mwaka 1962, ikawa chini ya Sauti ya Kenya mwaka 1964, na shirika likachukua jina la KBC mwaka 1989. Katika chombo hicho ndimo kilimokua Vioja Mahakamani, kipindi kilichoingia katika lugha ya kila siku ya Wakenya. Muundo wake ni wa kimahakama: mshtakiwa kizimbani, kiongozi wa mashtaka, mashahidi, hakimu, hukumu. Kwa hiyo tunaweza kukiita kipindi hicho tamthilia ya uhalifu, ingawa ya kuchekesha.

Ubunifu wake mkubwa ulikuwa kuugeuza uwiano wa wahusika. Mpelelezi hayupo. Wanaotawala jukwaa ni wale ambao tamthilia ya kigeni ingewaita wadogo: mlevi, mchuuzi, jirani mgomvi, shahidi asiyejua kunyamaza. Mtazamaji huwasubiri wao, wala hasubiri hukumu. Lakini nguvu hiyo ilinunuliwa kwa bei. Wahusika walitambulishwa kwa lafudhi za makabila yao na kwa tabia ambazo mzaha wa nchi umeyabandika makabila hayo. Mtu akifungua kinywa, hadhira imekwisha kumjua, na imekwisha kucheka. Ubapa wa hapa hautokani na upungufu wa nafasi. Mhusika amepewa nafasi yote, nayo imejazwa kitu kimoja.

Tamthilia ya Crime and Justice, iliyotayarishwa kwa ushirikiano wa Showmax na Canal+ na kuanza kuonyeshwa Februari 2021, ilirudi kwenye kanuni ya kimataifa. Wapelelezi wawili wa Nairobi, Makena (Sarah Hassan) na Silas (Alfred Munyua), hushughulikia kesi zinazofanana na zile ambazo Wakenya wamezisoma magazetini. Mafanikio yake ni kuthibitisha kwamba umbo hili laweza kusema mambo ya Nairobi bila kuomba radhi. Lakini mgawanyo wa hisia ni uleule wa Hill Street Blues na Prime Suspect: wapelelezi wanabaki nasi kipindi baada ya kipindi, ilhali jamaa wa marehemu hubadilishwa kila kesi mpya inapoanza. Mama wa kipindi cha leo hatamkumbuka mama wa kipindi cha jana. Kila mmoja analia peke yake, na machozi yake humalizika pamoja na kesi.

5.0 Kericho na Bomet: Watu Waliogeuzwa Jalada

Sasa tuitazame nchi ambayo haijazoea kuonekana katika tamthilia hizi. Kericho, pamoja na Bomet iliyokuwa sehemu ya wilaya hiyo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, ni nchi ya Wakipsigis. Mashamba makubwa ya chai yalianzishwa huko katikati ya miaka ya 1920 na kampuni za Brooke Bond na James Finlay. Kwa miongo mingi mashamba hayo yamewaleta pamoja Wakipsigis, Wakisii, Wajaluo na Waluhya, wakiishi katika nyumba za kampuni, na watoto wao wakisoma katika shule zilizojengwa ndani ya mashamba. Nje ya mashamba hayo wako wakulima wadogo, wanaouza majani yao kwa viwanda vilivyokuzwa chini ya KTDA, shirika lililoundwa mwaka 1964.

Historia ya nchi hii imejaa majalada. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Walaiboni, na mamia ya watu wa ukoo wa Talai, wazee kwa watoto, wakapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Victoria. Tukilisoma tukio hilo kwa jicho la mhakiki wa utanzu wa upelelezi, tunaona hadithi ya uchunguzi isiyo na wahusika. Hakuna mshukiwa mmoja mwenye kisa chake. Ukoo mzima ndio mshukiwa. Mtoto mchanga na orkoiyot wanaandikwa kwa wino mmoja.

Jalada la pili ni la karibu zaidi. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi wa makabila yaliyoonekana kuwa ya wageni walishambuliwa katika mashamba ya chai ya Kericho. Wapo waliouawa na wanawake waliobakwa. Walalamikaji 218 walifungua madai mjini London dhidi ya Unilever na kampuni yake tanzu ya Kenya, wakisema hawakulindwa. Kampuni zilipinga kuwajibika. Mahakama Kuu ya huko ilikataa mwaka 2017 kuisikiliza kesi hiyo, Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo mwaka 2018, na mwaka 2019 mlango wa Mahakama ya Juu nao ukafungwa. Katika kumbukumbu za sheria walalamikaji hao wanajulikana kwa herufi: AAA na wengine.

Hapa panahitaji tafakuri. Herufi hizo ziliwekwa kwa nia njema, ili kuwalinda watu waliodhulumiwa. Hata hivyo, kwa kuwa kesi iliishia katika swali la mamlaka ya mahakama na wajibu wa kampuni mama, ushahidi wao haukupata kupimwa katika kesi kamili. Walibaki herufi zilizosubiri kuitwa. Aidha, tunakumbushwa jambo ambalo kizimba cha Vioja Mahakamani kilitusahaulisha. Lafudhi iliyochekesha sebuleni ndiyo alama ileile ambayo, katika siku zile, ilitosha kumtambulisha mtu kuwa adui. Hatudai kwamba kichekesho kilizaa ghasia. Dai la namna hiyo halina msingi. Tunasema tu kwamba namna ya kumjua mtu kwa sauti yake pekee ni namna ya kutomjua.

6.0 Kamera Mashambani: Uchunguzi wa 2023

Februari 2023 kipindi cha Panorama cha BBC, kwa ushirikiano na Africa Eye, kilionyesha filamu Sex for Work: The True Cost of Our Tea. Zaidi ya wanawake 70 waliwaeleza watayarishaji kwamba walidhulumiwa kingono na wasimamizi katika mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay. Mwandishi wa habari aliyetumia jina la bandia la Katy aliomba kazi akiwa na kamera ya siri, naye akakutana ana kwa ana na madai ya ngono kutoka kwa wenye uwezo wa kutoa kazi. Kampuni zilieleza mshtuko wao, baadhi ya wasimamizi wakasimamishwa, na Bunge la Kenya likataka uchunguzi. Unilever ilikuwa imekwisha kuuza biashara yake ya chai mwaka 2022, na mashamba yaliyohusika yamepita katika mikono mingine baadaye.

Filamu hii si tamthilia, wala hatuipimi kwa mizani ya ubunifu. Ilifanya kazi ambayo taasisi nyingi zilishindwa kuifanya. Tunachotaka kukichunguza ni umbo lake la masimulizi, kwa sababu mtayarishaji wa habari naye huazima umbo kutoka kwa tanzu zilizomtangulia. Umbo hilo ni lile la tamthilia ya upelelezi. Yupo mpelelezi aliyejigeuza. Ipo hatari inayomkaribia. Upo mlango unaofungwa nyuma yake, na sisi tunashika pumzi. Taharuki yote imewekwa katika mwili wa Katy, nasi tunataka atoke salama. Na kweli, Katy anaweza kutoka: hiyo ndiyo tofauti kati yake na wale wanawake 70. Nyumba yake haimo shambani.

Hivyo basi mgawanyo wa kale unajirudia. Mpelelezi anapata uso wa hisia. Mashahidi wanapata tarakimu, kivuli na sauti. Hili halikutokana na ukosefu wa huruma. Kutaja jina la mchumaji ni kuhatarisha kibarua chake, na kibarua kikienda huenda nyumba nayo ikaenda, na shule ya mtoto. Maadili ya uandishi wa habari yanadai kivuli. Lakini sanaa ya masimulizi inadai uso. Mgongano huu hauwezi kutatuliwa ndani ya filamu ya uchunguzi, hata itengenezwe kwa ustadi wa namna gani.

7.0 Kimya kama Hisia

Wapo watakaosema kwamba utanzu wenyewe unadai ubapa. Kwamba tamthilia ya dakika hamsini haiwezi kumpa kila jirani wasifu kamili. Hoja hii ina ukweli, lakini inachanganya kina na wingi wa maelezo. Mhusika hahitaji muda mrefu ili awe na kina. Anahitaji kuwa na sababu yake mwenyewe, isiyomhusu mpelelezi.

Tuchukue mfano wa kimya. Katika kanuni za tamthilia ya upelelezi, shahidi anayenyamaza ana jambo analolificha, na kazi ya mpelelezi ni kukivunja kimya hicho. Katika shamba la chai kanuni hiyo inaanguka. Mchumaji anayeulizwa kuhusu msimamizi wake akanyamaza, huenda hafichi hatia yoyote. Anapiga hesabu. Anahesabu kilo za jana mizanini, siku zilizobaki kabla ya mshahara, chumba anacholala yeye na wanawe, mama mkwe anayesubiri pesa Nyamira au Konoin, na uwezekano wa kuitwa tena msimu ujao. Wahenga wamesema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo huo ndio hisia tunayoitafuta, na mwandishi anaweza kuuonyesha kwa sekunde chache: mkono uliokomaa kwa kuchuma, jicho linalotazama kama kuna anayesikiliza, jibu fupi lenye heshima kupita kiasi.

Hapa ndipo urithi wa Abdulla unapopata thamani mpya. Tukimfuata, hatutaongeza machozi kwa shahidi ili tumpe kina. Tutaonyesha nyuzi zinazomshika: nani alimpatia kazi, nani jirani yake katika nyumba za kampuni, nani atamcheka, nani atamficha. Dhuluma ya aina iliyofichuliwa mwaka 2023 si fumbo la mtu mmoja mwovu aliyejificha. Kwa mujibu wa filamu hiyo, madai yanayofanana yalikuwa yametolewa dhidi ya mashamba ya Unilever zaidi ya miaka kumi kabla yake. Kwa hiyo swali la tamthilia ya upelelezi, yaani nani alitenda, halitoshi. Swali ni nani alijua, na kujua kwake kulimgharimu nini. Hilo ni swali ambalo wahusika wasaidizi peke yao ndio wanaoweza kulijibu.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kina cha hisia katika tamthilia ya upelelezi kimegawiwa kihistoria kwa upande wa mpelelezi, na kwamba riwaya ya Kiswahili ya mwanzo ilikuwa na njia nyingine, ya kumpa mtu uzito kwa ujamaa wake. Tumeona pia kwamba sheria ya 1934, kesi ya London na filamu ya 2023, kila moja kwa sababu zake, iliwaacha watu wa nchi ya chai katika sura ya ukoo, herufi au tarakimu.

Kutokana na hayo tunapendekeza wajibu mahususi wa fasihi. Mahakama na televisheni ya uchunguzi haziwezi kumpa jina shahidi ambaye jina lake litamponza. Mtunzi anaweza. Jina la kubuni halimfukuzishi mtu kazi, wala uso wa kubuni hauwezi kufuatwa hadi nyumbani. Tamthilia ya upelelezi itakayotungwa kuhusu Kericho, Sotik au Mogogosiek haitakuwa na haja ya kumwacha mchumaji mlangoni akijibu maswali mawili. Inaweza kuingia pamoja naye ndani, mpelelezi akabaki nje akisubiri. Wanafunzi wetu wanaoandika michezo ya televisheni wana kazi hiyo mbele yao, na wahakiki wana kazi ya kuidai.